Picha za Kampala baada ya korona: nani ameachwa nje?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MACHO hayana pazia, walisema wahenga. Kamera nayo haina pazia, lakini ina mwenyewe, na huyo ndiye anayeamua iangalie wapi na impe nani mgongo. Jambo hilo nimelitafakari mara nyingi tangu Januari 2022, Kampala ilipofunguliwa baada ya misukosuko ya korona, nami nikawa napita mitaani na kamera begani kila nilipopata nafasi.

Makala haya nawaandikia hasa ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya kukwama nchi za mbali, pamoja na wafanyabiashara wa Malaba, Busia, Gatuna na Mutukula. Kwa karibu miaka miwili wengi wao waliujua mji huu kwa picha zilizotumwa kwenye simu. Kwa picha hizo mmoja aliamua kurudi au kungoja, na mwingine aliamua kufungasha mzigo au kuuacha ghalani. Kwa watu wa namna hii picha ya mtaa ni habari ya riziki.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020. Siku chache baadaye usafiri wa abiria ulisimamishwa, boda boda zikaachiwa mizigo peke yake, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Wauza nguo, viatu na bidhaa nyingine zisizo chakula walitakiwa kukaa nyumbani. Wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea, lakini Rais Yoweri Museveni aliwataka walale humo humo sokoni kwa muda wa wiki mbili badala ya kwenda na kurudi.

Wapiga picha waliopata kibali cha kutembea walituletea picha ambazo hazitasahaulika. Kulikuwa na Kampala Road tupu mchana kweupe, barabara ambayo siku za kawaida mtu huvuka kwa kuomba dua. Kulikuwa na akina mama waliolala chini ya vyandarua kando ya mafungu yao ya ndizi na nyanya katika masoko ya mji. Mwezi Mei mwaka huo huo zikaja picha za Malaba, malori yakiwa yamepangana kilomita nyingi huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo.

Picha hizo zilipokewa vizuri kila upande. Serikali ilizitumia kuonyesha kwamba wananchi wametii. Wananchi nao walizitumia kuonyesha taabu waliyoipata. Mama aliyelala sokoni alisifiwa kama shujaa aliyeulisha mji.

Mwezi wa kufunguliwa

Baada ya mji kufungwa tena kwa siku 42 kuanzia Juni 2021, nafuu kamili ilianza kuonekana Januari 2022. Tarehe 10 mwezi huo shule zilifunguliwa, baada ya watoto wengi kukaa nje ya darasa kwa karibu miaka miwili, muda uliotajwa kuwa mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Tarehe 24 amri ya kutotoka nje iliondolewa. Tarehe 31 mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda, uliokuwa umefungwa tangu Februari 2019 kwa sababu za kisiasa kabla hata korona haijaingia, ulifunguliwa tena.

Lakini mwezi huo huo lilitokea jambo la nne, ambalo halikupigwa ngoma. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliendesha operesheni ya kuwaondoa wachuuzi kwenye njia za waenda kwa miguu na baraza za maduka katikati ya mji. Ni haki kusema kwamba mamlaka ilikuwa na hoja zake. Watembea kwa miguu walikuwa wamesukumwa hadi katikati ya barabara, na wenye maduka wanaolipa kodi ya pango walilalamika kwamba wateja wao wanadakwa mlangoni. Wachuuzi walielekezwa waende masokoni.

Nilipiga picha Luwum Street mapema mwezi huo, na nikapiga tena mwezi ukielekea ukingoni, nikisimama upande ule ule. Katika picha ya kwanza huioni lami. Kuna miavuli, mabeseni ya maembe, soksi zilizotandazwa juu ya magunia, na vijana wenye mikanda shingoni. Katika picha ya pili njia ni nyeupe, mabango ya maduka yanasomeka, na wanafunzi wawili wenye sare wanapita bila kugusana mabega na mtu.

Nilipowaonyesha watu picha hizo mbili, wengi walisema ya pili ndiyo ya mji uliopona. Mimi naona kila moja imesema nusu ya habari. Mfanyabiashara wa Busia akiiona ya pili atadhani soko la rejareja limekufa, kumbe wateja wake wamehamia vichochoro vya nyuma na wengine wanauza kwa kuzungusha bidhaa begani. Aliyerejea kutoka Uarabuni akiiona hiyo hiyo atadhani kila mtu amepata pa kukaa. Na yule mama aliyesifiwa mwaka 2020 kwa kuulisha mji, kama alikuwa amepoteza meza yake sokoni na kuhamia barabarani, hayumo kabisa katika picha ya mji kupona. Asiyekuwepo na lake halipo.

Somo kutoka kabati la zamani

Hili si jambo geni nchini Uganda. Mwaka 2015 katika ofisi za shirika la utangazaji la taifa, UBC, lilipatikana kabati lenye makumi ya maelfu ya negativu za picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi ya Idi Amin. Baadhi zilionyeshwa kwa umma katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Humo mna sherehe, hotuba, ngoma na wageni mashuhuri. Mna pia picha za watu walioshitakiwa kwa magendo na kulangua bei mbele ya mahakama maalumu ya makosa ya uchumi iliyoundwa mwaka 1975. Hao walikuwa wafanyabiashara, baadhi yao hawana tofauti kubwa na msomaji wa ukurasa huu.

Lakini watu waliotoweka na kuuawa miaka ile, ambao idadi yao ni kubwa, karibu hawaonekani kabisa katika kabati hilo. Anayezitazama leo bila kujua historia anaweza kudhani ulikuwa utawala wa shangwe na nidhamu. Wapiga picha wale walijua kazi yao, na picha nyingi ni nzuri sana. Kasoro ni kwamba aliyewatuma alikuwa mmoja, na waliowekwa mbele ya kamera walichaguliwa. Ndiyo maana mji unaotoka katika maradhi unahitaji macho mengi, ya magazeti, ya vijana wenye simu na ya wachuuzi wenyewe.

Swali la mwenye maembe

Katika pitapita zangu nilimkuta mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe karibu na Ben Kiwanuka Street. Nilimwomba nimpige picha. Hakukataa wala hakukubali. Aliuliza, “Mwanangu, hiyo picha itakwenda wapi?” Nilimweleza kwamba huenda ikatoka gazetini. Akafikiri kidogo, kisha akasema, “Basi piga mikono na maembe. Uso niachie mwenyewe, kesho nahitaji kusimama hapa hapa.”

Sijasikia fundisho fupi zaidi ya hilo kuhusu upigaji picha wa mitaani. Kwa mpiga picha, uso wa mchuuzi ni pambo la ukurasa. Kwa mchuuzi mwenyewe, uso huo ukichapishwa unaweza kuwa ushahidi wa kumkamata. Ni vivyo hivyo kwa wanaovuka njia za panya na kikapu cha dagaa au vitenge wakati mpaka umefungwa. Anayewapiga picha za uso na kuzisambaza anawauza bila kujua.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 27, na uhuru wa kujieleza pamoja na wa vyombo vya habari katika ibara ya 29. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu apate ridhaa yake, isipokuwa pale inaporuhusiwa vinginevyo. Lakini kabla ya kufika kwa wakili, kuna adabu ya kawaida. Salimu kwanza, eleza picha ni ya nini, na ukikataliwa shukuru uende zako.

Namna ya kuisoma picha

Msomaji anayepokea picha ya mji kwenye simu na kuitegemea kwa biashara afanye mambo machache. Kwanza aulize ilipigwa lini. Picha za mwaka 2020 bado huzungushwa kana kwamba ni za jana. Barakoa na ndoo za kunawia mikono milangoni ni dalili nzuri ya kipindi.

Pili aulize saa. Kampala iko karibu na ikweta, na mchana jua huwa utosini, hivyo nyuso huingia kivulini chini ya kofia na miavuli. Ndiyo maana wapiga picha hupenda asubuhi mapema na jioni. Wakati amri ya kutotoka nje ilipoanzia saa 1 usiku, mwanga mzuri wa jioni ndio uliokuwa saa ya watu kukimbilia makwao. Picha nyingi za kipindi kile zinaonyesha miguu mbio na vifurushi kwapani. Mtu angeweza kudhani biashara imechangamka, kumbe watu walikuwa wakiikimbia faini.

Tatu aulize mpiga picha alisimama wapi. Picha iliyopigwa kutoka ghorofani huonyesha wingi wa watu lakini haionyeshi kama wananunua. Iliyopigwa kimo cha meza ya muuzaji huonyesha mikono inayotoa fedha. Anayetaka kujua hali ya soko aombe hiyo ya pili.

Mwisho, nawasihi wafanyabiashara wapige picha zao wenyewe. Piga meza yako leo, ghala lako, stakabadhi ya ushuru na mzigo kabla haujavuka mpaka. Andika tarehe, mahali na kilichomo. Usiiache kwenye simu moja, maana simu huibwa na huanguka majini. Mtumie ndugu unayemwamini, na zile muhimu zichapishe kwenye karatasi. Kwenye vituo vya mpakani na penye askari, omba ruhusa kwanza ili usijitie matatani.

Wenye picha za miaka ya 2020 hadi 2022 nao wazitafute sasa, waandike majina ya waliomo wakati bado wanayakumbuka. Kama kila meza ya Owino, Nakasero na Nakawa ikiweka picha mbili tu, watakaotaka kujua Kampala ilitokaje katika korona hawatalazimika kutegemea kabati la mtu mmoja.