UPIMAJI WA UJUZI WA LAHAJEDWALI NA KANZIDATA KATIKA USAILI WA AJIRA

Matangazo ya nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi, ambayo wakazi wa Temeke na Kinondoni huyasoma katika mbao za matangazo na siku hizi katika mfumo wa Ajira Portal, yamezoeleka kuwa na sharti la cheti cha mafunzo ya kompyuta katika programu za ofisi, Excel ikiwemo. Cheti hicho ni ushahidi kwamba mwombaji alihudhuria mafunzo. Kama anaweza kukabidhiwa orodha ya walipa ushuru na kuitunza pasipo kuiharibu, hilo ni jambo la kupimwa mezani. Ndiyo maana Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, huendesha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, pamoja na mchujo wa maandishi na mahojiano ya ana kwa ana.

Inafaa ieleweke kwanza tofauti ya vitu viwili vinavyopimwa. Lahajedwali ni jedwali la hesabu: tarakimu moja ikibadilishwa, jumla zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Kanzidata ni hazina ya kumbukumbu, ambamo kila mtu au kitu hupewa namba yake ya utambulisho na huandikwa mara moja tu. Waombaji wengi hudhani ni kitu kimoja, na baadhi ya majopo pia.

Zoezi zuri halihitaji mambo makubwa. Msailiwa apewe orodha ya wapangaji mia moja wa mabanda ya soko, mfano wa lile la Tandika, yenye majina, kata, namba za simu, tarehe na kiasi kilicholipwa; kisha atakiwe kutoa jumla ya kila kata na kuwataja wanaodaiwa. Orodha hiyo iwekwe kasoro kwa makusudi: Yombo Vituka iandikwe kwa namna tatu, mpangaji mmoja ajitokeze mara mbili, na fedha moja iingizwe kama maneno ili isihesabike. Asiyeyaona hayo atatoa jumla safi kwa macho, lakini ya uongo.

Jopo litazame pia mkono wa msailiwa unavyofanya kazi. Anayepiga hesabu kwa kikokotoo cha mfukoni na kuchapa jibu ndani ya jedwali hajui fomula, hata kama jibu lake ni sahihi. Anayeingiza namba za simu bila kutaja kuwa ni maandishi ataziona zikipoteza sifuri ya mwanzo. Tarehe 3/7 katika kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani husomwa kuwa 7 Machi. Hatari kuliko zote ni upangaji: msailiwa akichagua safu ya majina peke yake na kupuuza onyo la programu, majina huhama na malipo hubaki palepale. Mama aliyelipa ushuru wake kwa wakati hugeuka mdaiwa, na stakabadhi yake huonekana ya kughushi.

Makosa ya namna hii hayazipati ofisi ndogo tu. Nchini Uingereza, mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliopimwa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika takwimu za kila siku kwa wakati wake, kwa kuwa taarifa zilipitishwa katika faili la muundo wa zamani lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Ufuatiliaji wa waliokutana nao ukachelewa. Kazi ile ilistahili kanzidata; msailiwa aulizwe ni lini jedwali halitoshi tena.

Kuhusu haki, wasailiwa wote watumie toleo moja la programu, wapewe dakika chache za kuizoea kibodi, na umeme ukikatika muda ufidiwe. Maelekezo yatolewe kwa Kiswahili fasaha. Istilahi zipo, kwani mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye lahajedwali kwa Kiswahili. Mwombaji asiyeona awekewe kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti.

Majina katika zoezi yawe ya kubuni. Kutumia orodha halisi ya walipa ushuru ni kuwafunulia wageni habari zao, jambo linaloweza kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho wa zoezi, faili la kila msailiwa lihifadhiwe kwa namba yake ya usaili pamoja na karatasi ya alama, ili lalamiko likitokea lifunguliwe mbele ya mhusika na fomula zake zikaguliwe seli kwa seli.