Daftari la Ubatizo na Ndugu Waliopotea

Kuna ombi moja ambalo huletwa ofisini kwa mchungaji mara nyingi kuliko tunavyokiri tunapofundisha teolojia ya kichungaji. Mtu aliyezaliwa mbali hufika usharikani akiwa na jina moja au mawili tu, akaeleza kwamba baba yake au babu yake alibatizwa hapa, naye anataka kuwajua ndugu zake. Wachungaji wengi humfungulia kabati, humwandikia cheti, kisha humwombea na kumuaga. Nasi tulifanya hivyo kwa miaka kadhaa, tukidhani tumemaliza kazi.

Tuanze na daftari lenyewe. Desturi ya kuandika waliobatizwa na waliofunga ndoa ilienea Ulaya katika karne ya 16; Mtaguso wa Trento uliwaagiza mapadre kuandika ndoa mwaka 1563, na sheria ya Kanisa la Sweden ya mwaka 1686 iliwadai wachungaji wa Kilutheri wawe na vitabu vya waumini wao. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896, walikuja na desturi hiyo. Kurasa za kwanza kwa kawaida ziliandikwa kwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa kizamani ambao hata Mjerumani kijana wa leo hausomi bila kufundishwa. Wamisionari hao waliondolewa mwaka 1920, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925, na kati ya miaka hiyo walimu wa Kiafrika ndio waliobeba mzigo wa sharika. Basi msomaji akiona mwandiko na lugha vimebadilika ghafla, asidhani kwamba daftari limeharibika. Hapo ndipo wazee wetu waliposhika kalamu.

Ugumu mkubwa uko katika majina. Mtoto aliandikwa jina lake la ubatizo na jina la baba yake. Mjukuu naye akachukua jina la baba yake, hata jina la mwisho likabadilika katika kila kizazi. Jina la ukoo mara nyingi halikuandikwa kabisa, kwa kuwa kila mtu kijijini alilijua. Jambo hili si letu peke yetu. Sweden na Norway walikuwa na desturi kama hiyo hadi sheria za majina za mwaka 1901 na mwaka 1923, na Wamarekani wenye asili ya Norway watafutao mababu zao husaidiwa zaidi na jina la shamba kuliko jina la mtu. Kwa mlima wetu, mahali pa shamba hilo pamechukuliwa na mtaa na mfongo wa maji. Kwa hiyo anayetafuta aulizwe kwanza, "Baba alisema walichota maji wapi?" kabla ya kuulizwa, "Baba aliitwa nani?" Kisha yatazamwe majina ya wadhamini wa ubatizo, maana wengi wao walikuwa ndugu au majirani. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, alishikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Hatukubaliani naye katika yote, lakini katika ukurasa wa ubatizo vifungo hivyo vitatu vyaonekana kwa macho.

Sasa tuseme la kwetu. Mzee mmoja alitufikia kutoka Tanga. Baba yake aliteremka mlimani akiwa kijana kwenda kukata mkonge, akaoa huko, akazikwa huko, asirudi hata mara moja. Mzee alikuwa na jina la ubatizo la baba yake, ambalo lilikuwa la kawaida mno kiasi kwamba katika miaka ile tulihesabu watoto tisa wenye jina hilo. Alikuwa pia na jina la mfongo. Kwa mfongo wakabaki wawili. Kwa mdhamini akabaki mmoja. Tulifurahi kama wavuvi. Tukaandika nakala, tukagonga muhuri, tukamwelekeza mzee nyumbani kwa watoto wa baba yake mdogo, naye akaenda peke yake na karatasi mkononi.

Hilo lilikuwa kosa letu. Katika mlima ambao kihamba hugawanywa hata kisigawanyike tena, mgeni anayeingia uani akiwa na karatasi yenye muhuri wa kanisa huonekana amekuja kudai ardhi. Walimkaribisha kiti, wakamnywesha chai, wala hakuna aliyemwita ndugu. Jioni yule mwenye nyumba alikuja kwetu. "Mchungaji," alisema, "umetuletea mtu au umetuletea kesi?"

Tulikosa jibu, tukarudi kwenye Maandiko. Katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra wapo makuhani, wana wa Barzilai miongoni mwao, waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone. Wakaondolewa katika ukuhani, wakazuiliwa kula vitu vitakatifu hata asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Wafafanuzi wengi huisoma habari hii kama jambo la usafi wa ukuhani tu. Sisi twaona pia kwamba orodha ilikuwa na nguvu ya kumpa mtu nafasi na ya kumnyima, na kwamba waliokosekana ndani yake hawakufukuzwa katika msafara uliotoka Babeli. Tena Mathayo, anayeanza Injili kwa nasaba, amewaacha ndani yake Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Aliyetaka kuisafisha orodha ile angeanza kwa kuwafuta hao. Paulo anapomwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, analaumu maswali yanayozaa ubishi. Hatudhani kwamba anamlaumu mwana anayeuliza kaburi la babu yake liko wapi.

Maana ndilo alilotaka mzee wetu. Siku ya tatu tulikwenda naye, safari hii tukiwa na mzee wa kanisa na mkubwa wa ukoo, na kabla ya daftari kutajwa tulimwomba mgeni aseme mwenyewe amefuata nini. Alisema shamba analo Tanga, na watoto wake hawataki kulima hata hilo. Alitaka aonyeshwe babu yake amelala wapi, na aambiwe kwa nini baba hakurudi.

La pili ndilo lililokuwa zito. Pembeni mwa ukurasa ule palikuwa na maneno machache ya Kijerumani yaliyoeleza kwamba kijana aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa, na sababu yake. Tulikuwa tumeyasoma, na katika nakala hatukuyaandika. Hadi leo wenzetu wawili chuoni wanatulaumu, mmoja kwa kuficha, mwingine kwa kuyasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewakumbusha wote watunzao habari za watu kwamba si mali yao, lakini haimwambii mchungaji amjibu nini mwana anayeuliza juu ya baba yake. Tulimwambia faraghani kwamba yapo maandishi, kwamba ni ya aibu kidogo wala si ya uhalifu, na kwamba tutamsomea akitaka. Alifikiri kitambo. Akasema tumsomee baada ya kwenda kaburini.

Mwenye nyumba alitangulia, akakata jani la sale mpakani mwa kihamba, akampa mgeni mkononi kabla hawajaingia migombani.