Bibi anayetoka Uganda: viza haihitajiki, kadi ya njano inahitajika

Familia ya Miyuji, Dodoma, inayomsubiri bibi kutoka Uganda aje kumhudumia mzazi haina haja ya kuhangaikia viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu kuingia na pasipoti yake na kupewa bure kibali cha hadi miezi sita. Kibali hicho si cha kufanya kazi.

Hata hivyo, msamaha wa viza haufuti chanjo ya homa ya manjano. Kwa anayetoka Uganda, kuanzia umri wa mwaka mmoja, cheti kinatakiwa mpakani. Hutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kisha hudumu maisha. Bibi aliyefikisha miaka 60 amwone daktari kabla ya kuchanjwa. Asingoje wiki ya safari.