Unataka kubomoa ukuta kwa nyumba ya nyanya Malindi? Cheki msingi kwanza

Form ya siku hizi huku Pwani unaijua. Familia imebaki na nyumba ya zamani ya nyanya, iwe Shella pale Malindi, Mambrui ama Takaungu, na mjukuu ameona doh ya wageni wa wikendi. Sasa anataka sebule na jikoni ziwe chumba kimoja kikubwa, kama zile keja za Insta. Fundi anakuja, anagonga ukuta mara mbili, anasema: "Hii tunatoa, tunaweka bimu, imeisha."

Zii, haijaisha. Bimu ndiyo kazi rahisi. Muulize itakanyaga wapi.

Nyumba hizi si kama mjengo wa juzi. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na hauna chuma ndani. Dari limelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazikuwa ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita mbili na nusu ama tatu hivi. Angalia juu: ukuta ambao vichwa vya boriti vimeingia ndani yake unabeba nyumba. Kama kuna ghorofa, huo ukuta unabeba pia ukuta wa juu yake. Kwa nyumba ya aina hii, chukulia kila ukuta mnene unabeba mpaka injinia akuambie vingine.

Tupige hesabu ya mfano. Ukuta wa juu una urefu wa mita 4, kimo cha mita 3, unene wa nusu mita. Hiyo ni mita 6 za ujazo, takriban tani 10. Ongeza sakafu nzito ya chokaa, paa na watu, tuseme tani 10 zingine. Leo hizo tani 20 zimetandazwa kwa urefu wote wa msingi, kila futi inabeba kidogo. Ukitoa ukuta wa chini na kuweka bimu, uzito hauhami. Unakimbilia ncha mbili, tani 10 kila upande. Nguzo ya sentimita 30 kwa 50 ikikanyaga msingi wa zamani moja kwa moja, hapo umeweka zaidi ya tani 60 kwa kila mita mraba. Mchanga wa Malindi, ukikadiria kwa tahadhari, mpe kama tani 10. Manze, hiyo gap ni noma.

Kwa hivyo kila nguzo inataka kitako chake kipya cha zege, na kwa mfano huu ni kama mita moja kwa mita moja, bado hujahesabu uzito wa kitako chenyewe. Lakini usichimbe bado. Kwanza toboa shimo dogo la ukaguzi kando ya ukuta, pale nguzo itasimama, uone msingi wa wazee unaishia wapi. Mara nyingi ni yale mawe yaleyale yameshuka kidogo tu chini ya ardhi. Ukichimba mtaro mrefu chini yake kwa mpigo mmoja, ukuta unaning'inia hewani. Inachimbwa vipande vifupi, mita moja hivi, unajaza zege, unangoja ishike, ndiyo unaenda kipande kingine.

Upande wa Kilifi utaambiwa "huku ni mwamba, relax." Mwamba wa matumbawe uko sawa, ila una mashimo na mapango. Halafu kuna choo cha shimo cha zamani ambacho hakuna anayekumbuka kilikuwa wapi. Uliza wazee wa mtaa kabla ya kumwaga zege.

Kingine: usikubali mchanga wa ufuoni kwa zege, hata kama ni wa bure. Chumvi inakula chuma ndani, chuma kinavimba, zege linapasuka.

Kama unadhani nachezea akili yako, kumbuka Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 la enzi za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Si kesi ya sebule ya mtu, lakini inaonyesha nyumba za zamani za Pwani zikiamua kwenda hazipigi hodi.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo mafundi hawaitaji sana. Usitoe ukuta wote. Acha kipande cha karibu mita moja kila upande, ufungue mlango mpana katikati. Uzito unashukia vipande vile na msingi wao, na pengine kitako kipya hakitahitajika. Injinia ndiye wa kuamua. Mimi ningechagua hii, na picha zitatoka fiti tu.

Makaratasi: ruhusa ya kaunti ya Kilifi, injinia aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya, kontrakta aliyesajiliwa na NCA. Nyumba ikiwa ya kale sana, pitia Malindi Museum uulize kama inalindwa na sheria ya urithi ya 2006.

Siku ya kazi, cheki miti ya kushikilia dari. Isisimame kwa vigae, ikanyage mbao pana, na isitolewe wiki ya kwanza eti mteja wa bnb anafika Ijumaa. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28.