Alizikwa wapi? Swali la mtoto chini ya mti wa Mangi Meli

Wazazi wengi wa Moshi mjini wakitaka kuwatembeza watoto Jumamosi huwapeleka Marangu au kwenye maporomoko ya Materuni. Wachache hupanda Old Moshi, kwenye mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha.

Mtoto akishaelezwa hayo, huuliza: “Alizikwa wapi?”

Hapo mzazi hukohoa kidogo. Kwa Mchaga, mtu huzikwa kihambani kwake. Familia ya Meli inaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amekitafuta kwa miongo mingi.

Si hadithi ya kutisha watoto. Watafiti wa enzi hizo walikusanya mafuvu ya Waafrika wakidhani kwa kuyapima wangejua nani bora kuliko nani, jambo ambalo sayansi imelikataa kabisa. Mengi yapo Berlin, chini ya taasisi ileile inayosimamia Kisiwa cha Makumbusho, ambako watu hupanga foleni kumwona Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Yeye ana kioo na taa. Mafuvu yalikaa stoo.

Taasisi hiyo ilichunguza mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki. Baadhi yalibainika kuwa ya eneo la Tanzania ya leo. Manane yalipimwa vinasaba na kulinganishwa na mate ya wanafamilia wa huku. Kipimo chenyewe hakiumi: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu, kikachukua chembe zinazobeba urithi wa baba na mama. Mtoto wa darasa la nne huelewa akiambiwa ndiyo sababu ana pua ya babu.

Septemba 2023 majibu yalitoka. Fuvu moja lililoandikwa “Akida” lilioana na ukoo wa mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yalikaribia kuoana na familia za huku. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Kwa hiyo jibu la kweli kwa mtoto ni: “Bado wanamtafuta.” Wa chini ya miaka saba anaweza kuishia hapo, habari ya kamba si lazima.

Huko juu kuna baridi kuliko mjini. Beba sweta, na wakati wa masika wavalishe viatu visivyoteleza.