Dua ya Dhiki Huandaliwa Wakati wa Raha

Bahari ya kusi haina mzaha. Ifikapo Juni na Julai mawimbi huumuka, na wenye ngalawa hawathubutu kutoka nje ya miamba. Chombo kikikutwa na dhoruba mbali na nchi kavu, nahodha na mabaharia wake huwa kitu kimoja: tanga hushushwa, maji hufuliwa, na kila ulimi humtaja Mwenyezi Mungu. Siku hiyo hapana asiyejua kuomba.

Kurani Tukufu imewataja wasafiri wa namna hiyo katika Sura ya Al-Ankabut. Yaeleza kuwa wapandapo chombo humwomba Mola kwa moyo safi, lakini awafikishapo salama nchi kavu, mara humshirikisha. Kila niisomapo aya hiyo huona kwamba habari zile si za mabaharia peke yao. Ni habari zetu sote. Mtu akiwa na mgonjwa hospitali utamwona safu ya kwanza msikitini. Mgonjwa akipata nafuu, nafasi yake katika safu ile hubaki wazi.

Sasa, ndugu msomaji, natutazame jambo moja. Ikiwa Mola husikia kilio cha kila mwenye dhiki, pana tofauti gani baina ya aliyezoea kumwomba na yule amkumbukaye anapozama?

Wapo wawili waliomlilia Mungu majini. Wa kwanza ni Firauni. Bahari ilipomfunika alitamka kuwa ameamini, akajibiwa kwa swali la kumkemea: kwamba ndiyo sasa anaamini, ilhali zamani zote alikuwa muasi? Wa pili ni Nabii Yunus, amani iwe juu yake, aliyeomba katika giza la tumbo la samaki, akaokolewa. Sura ya As-Saffat yasema kwamba lau hakuwa miongoni mwa wenye kumsabihi Mungu, angalikaa humo mpaka siku ya kufufuliwa. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa hapa inakusudiwa ibada yake ya kabla, alipokuwa katika raha. Kwa maneno mengine, Yunus aliingia tumboni mwa samaki na akiba yake.

Ni hivyo hivyo katika hadithi ya watu watatu wa pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Walikimbilia pango, jabali likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja aliomba kwa amali yake njema: mmoja kwa kuwatumikia wazazi wake wazee, mmoja kwa kuiacha zinaa akiwa na uwezo nayo, na mmoja kwa kuutunza na kuuzalisha ujira wa kibarua wake hata aliporudi akampa mali yote. Kila dua jabali lilisogea, mpaka wakatoka. Aliyesimama usiku kucha na maziwa mkononi akingoja wazazi waamke, hakujua kuwa siku moja jabali litamwangukia.

Mwaka 2020 sisi nasi tulijaribiwa. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, milango ya misikiti ilifungwa. Tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa imekwisha kuingia, Mji wa Kale wa Mombasa ulizuiwa watu wasiingie wala wasitoke. Sala ya tarawehe, ambayo kwetu ni ya jamaa kubwa, ikawa ya ukumbini: baba imamu, mama na watoto maamuma. Nyumba zilizozoea kusali pamoja ziliendelea kama kawaida. Misikiti ilifungwa, lakini kibla hakikufungwa.

Wengine walisema wakati ule kwamba kujizuia ni upungufu wa tawakali. Mimi naona sivyo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza watu kuingia katika nchi yenye tauni, na waliomo akawakataza kuikimbia. Sayyidna Umar aliposafiri kwenda Shamu akapata habari za tauni njiani, aliwarudisha watu wake, akafahamisha kuwa wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Nahodha aombaye bila kushusha tanga hajatawakali, amejitupa.

Lipo swali gumu zaidi, nalo sitalikwepa. Wapo waliosali, wakatoa sadaka, wakasomesha hitma, na bado wakazika. Je, dua zao zilipotea? Mtume mwenyewe, ambaye hapana mwenye dua ya kukubaliwa kuliko yeye, alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yakamtoka, na ulimi wake usiseme ila la kumridhisha Mola. Naye ametufundisha kuwa dua ya Muislamu isiyo na dhambi hujibiwa kwa mojawapo ya njia tatu: atapewa alichoomba, ama atawekewa akiba Akhera, ama ataepushwa na shari mfano wake. Aliyezoea kuomba huyajua haya kabla ya msiba, na msiba umfikapo hulia bila ya kukata tamaa. Asiyezoea huenda akaona mlango umefungwa, kumbe ni yeye asiyeujua.

Wazee wetu wamesema akiba haiozi. Basi rakaa mbili za usiku wa leo, nyumbani kukiwa hakuna mgonjwa wala deni wala kesi, tusizione ni ndogo. Jirani tuliyekosana naye tumwendee sasa, na haki ya kibarua tuitoe kabla hajaidai. Kusi itavuma tu, upende usipende.

Mwenyezi Mungu atujaalie kumkumbuka katika raha, na asituache katika dhiki. Amin.