Mshahara si ziada: tujue kilichobaki mkononi



Tumeletewa suala na mzee mmoja wa Unguja. Kijana wake ni fundi umeme katika kampuni binafsi huko Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, na anaishi na mke na mtoto. Jamaa wanajua mshahara wake ni shilingi 600,000, basi kila harusi humuandikia mchango. Safari hii ametuma 50,000, wakamwita bakhili. Mzee anauliza: kijana amekosea?

Jawabu: Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mshahara wa kwenye karatasi, 600,000. Hapo NSSF hukata asilimia 10, yaani 60,000. Kwa 540,000 iliyobaki, kodi ya mshahara kwa viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021 ni 24,000.

La pili ni kipato cha mkononi: 516,000. Hiki ndicho anachoweza kukitumia au kukiweka.

La tatu ni ziada. Tukikadiria kodi ya nyumba, chakula, maji, nauli na matibabu kuwa 430,000, hubaki 86,000. Basi aliyetuma 50,000 ametoa zaidi ya nusu ya ziada yake. Huyo si bakhili.

Sharia nayo ina mpango wake. Mtu huanza na nafsi yake, mkewe na watoto wake wadogo, na hiyo ni nafaka ya wajibu. Wazazi wakiwa wahitaji, kuwatunza pia ni wajibu kwa mwenye uwezo, wala hawahesabiwi pamoja na michango. Deni nalo ni haki ya watu. Sadaka hutoka katika kilichozidi, kama inavyofundisha Suratul Baqara, aya ya 219. Ama kukopa kwa riba ili kupeleka mchango wa harusi, huko ni kuingia katika haramu kwa jambo lisilo wajibu.

Zaka ina hesabu nyengine. Mshahara unaotumika ukaisha hauna zaka; akiba iliyofika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Na jirani yake mwenye shamba la zabibu hangojei ziada: kwa madhehebu yetu ya Shafi, mavuno yakifika nisabu hutolewa fungu moja katika kumi kwa shamba la mvua, na moja katika ishirini kwa la kumwagilia kwa gharama, bila ya kutoa gharama kwanza. Ama kuwauzia zabibu watengenezao ulevi, hilo ni suala jengine, na halifai.

Tunawanasihi wazazi: msimuulize kijana analipwa kiasi gani, muulizeni kinabaki kiasi gani. Na vijana, msiwafiche wazee wenu hesabu. Kaeni nao muwaoneshe. Kimya ndicho kinachozaa dhana mbaya na kukata udugu.

Wallahu a'lam.